Mwalimu Aliyetujua kwa Sauti

Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa na sifa mbili mjini Iringa, na sifa hizo hazikuweza kukaa chungu kimoja. Wako waliosema hakuna mtu mwenye adabu ya salamu kama yeye. Akishuka kutoka Kihesa kwenda sokoni alimsalimia mkulima, mpiga debe, mtawa, mlevi na mgeni wa jana, kila mmoja kwa uchangamfu ule ule: "Kamwene! Kamwene! Habari za tangu siku ile?" Hata kama siku ile haikuwahi kuwapo. Na wako waliosema anaringa. Hao walikuwa watu waliokaa naye meza moja kwenye harusi Jumamosi, wakacheka naye mpaka machozi, kisha Jumatatu wakakutana naye mlangoni mwa benki akawapita kama mtu anayepita nguzo ya umeme.

Wote walisema kweli, na sababu ilikuwa moja. Mwalimu hakuweza kutambua sura za watu. Macho yake yalikuwa mazima. Aliwahi kupimwa hospitali akaambiwa yangemfaa mwindaji. Aliona pua, aliona kidevu, aliona kovu na mwanya. Lakini vitu hivyo havikujikusanya vikawa mtu. Ukigeuka kisogo dakika moja ukarudi, ulikuwa mgeni tena. Ubongo wake ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Sisi wanafunzi hatukujua, walimu wenzake hawakujua, na kwa miaka mingi hata yeye hakujua kwamba wenzake wanaona kwa namna nyingine. Alijua tu kwamba ana aibu isiyo na jina, akaificha kama mtu mzima anavyoficha kwamba hajui kusoma.

Jina lake sitaliandika. Shuleni tulimwita Mwalimu, basi, bila nyongeza, ingawa walimu walikuwa wengi, na kila mtu alielewa anayesemwa ni nani. Ninamwandika kwa sababu leo ninafanya kazi ya kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa kiharusi huko Mbeya, na kazi hiyo nisingeipata kama mtu huyu, siku moja, mbele ya mama yangu, asingekubali kuivua aibu yake na kuiweka mezani.

Darasani alikuwa na sheria moja kali. Ungeweza kuchelewa, ungeweza kusahau daftari, ungeweza hata kusinzia baada ya makande ya mchana. Angekusema kidogo yakaisha. Lakini ole wako ukae kwenye kiti kisicho chako. Siku moja tulibadilishana viti mimi na rafiki yangu kwa sababu ya jua la dirishani. Mwalimu aliingia, akamwita rafiki yangu kwa jina langu, akamuuliza swali, na rafiki yangu alipofungua mdomo kujibu, Mwalimu alisimama kama aliyekanyaga mwiba. Uso ulimwiva. Alitutoa nje wote wawili tukasimama barazani kipindi kizima. Tulisema ana roho mbaya.

Fikiria shida yake. Shule inachukua wasichana mamia, inawanyoa nywele zote, inawavisha sketi moja na sweta moja, kisha inamwambia mwalimu: wajue wanafunzi wako. Kwa mtu mwingine ni kazi. Kwake ilikuwa sawa na kuambiwa ajue mahindi ya shambani moja moja.

Kwa hiyo alitujua kwa njia zake. Alitujua kwa sauti. Alikuwa akisema, "Sauti haivai sare," nasi tukadhani anatufundisha methali. Alitujua kwa mwendo, kwa kikohozi, kwa jinsi ya kufungua mlango. Na alitujua kwa mwandiko. Ungefunika majina kwenye madaftari ya vidato viwili, angeyapanga yote kwa wenyewe bila kukosea. Nilipokuwa kidato cha pili aliniita mezani kwake, akafungua daftari langu, akaweka kidole kwenye mistari ya juma lile.

"Herufi zako zimelala," alisema. "Zilikuwa zinasimama. Nani anaumwa nyumbani?"

Baba yangu alikuwa anaumwa. Sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja pale shuleni. Nililia mbele ya meza yake, naye akaendelea kusahihisha madaftari ya wengine taratibu ili nipate nafasi ya kulia bila kutazamwa. Baba alipofariki, ni Mwalimu aliyeniombea ruhusa nikawahi kumzika.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la ubongo. Mtaala ulimpa vipindi vichache, yeye alijiongezea. Aliwahi kuleta peasi na kitunguu, akavikata vipande vidogo, akatufunga macho kwa vitambaa na kutuambia tubane pua. Tulitafuna. Nusu ya darasa hawakujua wanakula nini, na mimi niliyekulia kwenye mashamba ya vitunguu Ruaha Mbuyuni nilisema kwa sauti kubwa kwamba hili ni peasi tamu. Walicheka mpaka mwalimu wa chumba cha jirani akagonga ukuta.

"Ulimi ni karani tu," Mwalimu alisema. "Bosi yuko juu. Mnadhani ninyi ndio mnaochagua: huyu nampenda, hiki sikipendi. Kabla hujachagua, huko juu kikao kimeshakaa na kimeshaamua. Ukijikuta unamchukia mtu bila sababu, usimwulize yeye. Uliza kikao kilijadili nini."

Kisha akatupa kazi ya nyumbani ambayo sijaisahau. Kila mmoja achague msichana asiyempenda, ale naye chakula wiki nzima. Wiki ilipoisha alituuliza, "Haya, sura yake imebadilika? Imekuwa nzuri zaidi?" Tulicheka kwa aibu, lakini wengi tulikubali kwamba ndiyo, imekuwa nzuri zaidi. Alituuliza tena na tena, imekuwaje, kitu gani hasa kimebadilika, pua ni ile ile? Sasa naelewa kwamba hakuwa anatupima. Alikuwa anataka kujua.

Alichopenda na alichokataa vilitokana na ubongo ule ule, ingawa kwa mtazamaji vilionekana kama visirani. Hakuwa na haja na televisheni. Filamu ilimchosha baada ya dakika kumi, kwa sababu shujaa akibadili shati tu Mwalimu alikuwa anauliza huyu mwingine ametoka wapi. Redio aliipenda kama ndugu. Mpira aliusikiliza redioni hata pale mechi ilipokuwa inaonyeshwa chumba cha pili. Mboga alinunua kwa mama mmoja tu sokoni, mwenye sauti ya kukwaruza, na siku mama huyo alipopata mafua sauti ikabadilika, Mwalimu alizunguka soko zima akarudi nyumbani bila mboga. Miezi ya baridi, watu wanapojifunika makoti na mitandio mpaka puani, hakutoka nyumbani ila kwa lazima. Harusi alizikimbia. Kanisani alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, ili atoke kabla watu hawajaanza kupeana mikono.

Mke wake alinisimulia kisa cha duka la fundi cherehani, ambako kuna kioo kirefu ukutani. Mwalimu aliingia, akamwona mzee mwenye suruali ya kijivu amesimama, akamwambia, "Kamwene." Mzee hakujibu. Mwalimu akamsogelea, akasalimia tena kwa heshima zaidi. Fundi alidhani ni mzaha akacheka sana, na Mwalimu naye akacheka, kwa sababu alikuwa amejifunza zamani kwamba penye shaka, cheka.

Huyo mke tulimwona ni msemaji kupita kiasi. Alikuwa Mnyakyusa wa Uyole, Mbeya, mwalimu wa shule ya msingi, na kila walipotembea pamoja alitangulia nusu hatua, akipaza sauti: "Ehee, Mama Neema wa kwaya! Hujambo? Na huyu si ndiye mpwa wako wa Mafinga?" Mtaa wote ulisema mwanamke huyu anamtawala mumewe, hampi hata nafasi ya kusalimia. Kumbe alikuwa anamsomea watu, mmoja baada ya mwingine, kama unavyomsomea barua mtu aliyesahau miwani.

Sitaki aonekane malaika. Alikuwa mwongo. Kwa miaka mingi aliishi kwa kusema, "Nakukumbuka sana!" kwa watu asiowakumbuka, na uongo huo haukuwa mwepesi kila mara. Aliwahi kumwambia kijana mmoja jirani, kwa tabasamu kubwa, "Msalimie mama," na mama wa kijana huyo walikuwa wamemzika mwezi mmoja nyuma, Mwalimu mwenyewe akiwa kati ya waliobeba jeneza. Kijana alimtazama tu akaondoka. Mwalimu alinisimulia hayo uzeeni, akaniambia ndilo jambo analotubu kuliko mengine. "Sikumkosea kwa kutomjua," alisema. "Nilimkosea kwa kujifanya namjua."

Sasa nifike kwenye siku yangu.

Tulikuwa kidato cha nne, wiki ya mtihani wa majaribio. Karatasi za bayolojia zilipotea ofisini kwa walimu. Jioni iliyotangulia, Mwalimu alikuwa anarudi kufunga ofisi akakutana na msichana anatoka, amevaa sweta la shule. Msichana aliinamisha kichwa akapita kimya. Asubuhi bahasha yenye karatasi hizo haikuwapo. Mpishi mmoja akasema aliona msichana mrefu uwanjani jioni ile, "kama yule wa Ruaha Mbuyuni." Mimi ndiye niliyekuwa mrefu kuliko wote. Na alama zangu za bayolojia zilikuwa zimepanda sana mwaka ule. Ikawa imetosha.

Mkuu wa shule alikuwa safarini, hivyo kikao kiliongozwa na Makamu wake. Alikuwa mtu wa haki, mkali, Mwislamu wa familia iliyotoka pwani zamani na kukaa Iringa vizazi kadhaa. Alimwita mama yangu. Mama alikuja juu ya lori la vitunguu, akaingia ofisini na kanga yake ya shambani, akakaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti kile kina mwenyewe. Hakuniangalia. Nilijua anachowaza: baba yako hayupo, na wewe unafukuzwa miezi mitatu kabla ya mtihani wa taifa.

Makamu alisema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyemwona. Ni huyu?"

Mwalimu alinitazama. Alinitazama muda mrefu, paji la uso, macho, mdomo, kama mtu anayetafuta neno kwenye ukurasa ulioandikwa lugha asiyoijua. Mimi nilidhani anatafuta hatia. Nilitaka kusema, ni mimi, Mwalimu, lakini nilikuwa nimeambiwa nikae kimya mpaka niulizwe.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi? Umemfundisha miaka minne."

"Nimemfundisha. Akisema namjua. Akiandika namjua. Uso wake siujui."

"Mwalimu, tusifanyiane mzaha hapa. Mama wa watu ametoka mbali."

"Ndiyo sababu sifanyi mzaha." Alisimama. Akashika ukingo wa meza. "Naweza kutikisa kichwa niseme ni yeye, na wote mtaridhika. Maisha yangu yote nimetikisa kichwa. Lakini leo nikitikisa, mtoto huyu anarudi shambani. Mimi sitambui sura za watu. Sijawahi kuzitambua. Si ya mwanafunzi, si ya mke wangu, si ya kwako wewe."

"Yangu mimi?" Makamu alicheka kidogo, bila furaha. "Tumefanya kazi pamoja miaka tisa."

"Wewe nakujua kwa koti la kahawia, na unavyokohoa kabla ya kusema. Siku ile ya Idi ulivaa kanzu na kofia. Ulisimama mbele yangu pale mjini, ukanipa mkono, hukusema kitu, unatabasamu tu. Nami nikakuuliza, samahani mzee, njia ya kwenda stendi ni hii?"

Kila mwalimu pale alikijua kisa hicho. Makamu alikuwa hajamsemesha Mwalimu miezi miwili kwa sababu yake. Sasa alifungua mdomo, akakohoa, kisha akanyamaza kama mtu aliyefumaniwa anakohoa.

"Kwa hiyo," alisema baadaye, taratibu sana, "hukunidharau?"

"Nilimweleza mke wangu mkono ulivyokuwa, na pete, akaniambia ni wewe. Sikula siku ile."

Mama aliinua macho kwa mara ya kwanza.

Mwalimu aliendelea. "Lipo jambo moja ninalolijua. Yule niliyekutana naye, kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinapiga sakafu mara mbili. Soli imeachia. Na mguu anauvuta. Mwambieni huyu atembee."

Niliambiwa nitembee kutoka dirishani mpaka mlangoni. Mwalimu alifumba macho. Niliporudi alikuwa anatikisa kichwa kukataa.

"Siye. Huyu anatangulia kisigino, hatua ndefu, kama anaruka kitu. Kila siku anatembea hivyo."

"Ni kweli, baba," mama alisema. "Kwetu mashamba yana mifereji ya maji. Ameiruka tangu mdogo."

Makamu alitaka viatu vya wasichana wote vikaguliwe siku ile ile. Mwalimu alikataa. "Kiatu kinaazimwa. Msimfukuze mtu kwa kiatu, kama vile msivyopaswa kumfukuza kwa urefu. Natunga mtihani mpya leo hii. Aliyechukua ule wa zamani abaki nao."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulifanya mtihani mpya. Wiki iliyofuata yule msichana alimwendea Mwalimu mwenyewe akakiri, wakayamaliza wawili. Hata leo sijui alikuwa nani, na nilipomwuliza Mwalimu aliniambia swali hilo nilifute.

Lakini mimi nilipona, yeye akalipia. Habari zilifika mjini kabla ya jua kuzama. Baadhi ya wasichana walianza kubadilishana viti makusudi na kujibu kwa sauti za kubana pua. Wazazi waliuliza mtu asiyemjua mtoto atampaje alama. Wapo waliosema amerogwa, na mtu mmoja alimpelekea mkewe dawa kwenye chupa. Alitolewa kwenye zamu za kusimamia mitihani. Na kwa mwezi mzima Mwalimu alipita barabarani kichwa chini, hamsalimii yeyote. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nikimwona kutoka darasani anashuka mlima peke yake, na ule mlima ukawa kimya.

Aliyelivunja jambo hilo ni Makamu. Asubuhi moja aliingia ofisini kwa walimu, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya paredi: "Assalaam aleikum, ni mimi Makamu, na leo nimevaa koti jeusi!" Walimu walicheka. Kesho yake akarudia. Siku ya tatu mwalimu wa jiografia naye akaingia akijitangaza, kisha wa hesabu, na kabla ya muhula kwisha ilikuwa desturi ya ofisi nzima. Sisi darasani tukaiiga. Ukitaka kujibu swali ulisema jina lako kwanza. Waliokuwa wakibana pua tuliwanyamazisha wenyewe. Mwalimu alianza tena kusalimia watu barabarani, ila sasa akimwambia mtu, "Habari za tangu siku ile?" aliongeza, "na unisaidie, wewe ni nani?" Nimeambiwa watu wachache walichukia. Wengi walimjibu kwa furaha, wakataja na majina ya watoto.

Miaka ilipita. Nilikuwa chuoni, mwaka wa pili, mhadhiri akatuonyesha picha ya ubongo kwa chini. Aligusa sehemu moja upande wa nyuma, kulia zaidi, akasema hapa ndipo sura zinapotambuliwa. Sehemu hii ikiumia, au kwa watu wengine ikiwa tangu kuzaliwa haifanyi kazi hiyo, mtu anaweza kuona vizuri kabisa na bado asimjue mama yake kwa uso. Alisema sentensi hiyo akaendelea na nyingine. Mimi niliweka kalamu chini nikatoka nje.

Wakati huo Mwalimu alikuwa amestaafu, wamehamia Uyole, nyumbani kwa mkewe. Jumamosi nilipanda basi. Nilijitambulisha mlangoni, tukakaa, nikachora ubongo kwenye karatasi, nikaweka alama pale mhadhiri alipogusa. Nilimweleza yote. Nilimwambia wapo wengine, si yeye peke yake, hapa nchini na kwingine, na wengi wanaficha.

Aliichukua karatasi akaitazama kama anavyotazama mtu risiti ya deni alilolipa kwa miaka bila kuambiwa kwamba limekwisha. Kisha akaita jikoni, "Mama! Njoo usikie. Kumbe ni ubongo."

Mkewe alitoka anafuta mikono. "Ubongo umefanya nini?"

"Wa kwangu. Ndio hauoni sura."

"Mimi nilijua siku zote kwamba si wewe," alisema, akanigeukia mimi. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Lakini sasa nani atakuna nazi?" Akarudi jikoni.

Nilidhani Mwalimu atacheka. Alikuwa amefunika macho kwa kiganja.

"Unajua nilidhani nini, miaka yote hii?" alisema. "Nilidhani siwapendi watu vya kutosha. Nilijiambia, anayempenda mtu humtazama, na anayemtazama humjua. Basi mimi moyo wangu una kasoro. Ndiyo maana nilisalimia kila mtu. Nilikuwa nalazimisha moyo."

Nilimwambia ukweli ninaoujua: kwamba pale shuleni tulikuwa na walimu wengi waliozijua sura zetu vizuri, na hakuna hata mmoja wao aliyeona kwamba herufi zangu zimelala.

Baada ya hapo nilimtembelea mara kwa mara, kwa kuwa nilipata kazi Mbeya. Wagonjwa wangu wengi wamepigwa na kiharusi. Wapo waliopoteza maneno, wapo waliogeuka tabia: mtu mpole amekuwa wa matusi, baba mkali analia akiona kuku. Ndugu huja kwangu wamevunjika moyo, wanasema yeye hatupendi tena, anatudharau. Nikiwaeleza, mimi huwa nasikia sauti ya mtu mwingine nyuma ya sauti yangu. Naingia wodini kila asubuhi nikitaja jina langu kwa kila kitanda, hata kwa mgonjwa niliyemhudumia miezi mitatu. Wenzangu wauguzi walinitania mwanzoni. Siku hizi wengine nao wanataja.

Mkewe alifariki mwaka juzi. Alipougua nilikwenda kadiri nilivyoweza. Kwenye msiba niliona watu wa Iringa wameshuka na basi zima, na kila mmoja alipomkaribia mfiwa alitaja jina lake na mahali alipomjulia kabla ya kusema pole. Hakuna aliyewapanga.

Mara ya mwisho kumwona ni Julai hii. Uyole ilikuwa na baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno. Alikuwa ndani, karibu na jiko la mkaa, amejifunga shuka. Amepungua. Sauti tu ndiyo haijazeeka. Tuliongea kuhusu miguu yake, nikamfanyisha mazoezi mawili matatu, akalalamika kama walalamikavyo wagonjwa wote. Kisha akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha kubwa ya mkewe yenye fremu, ile iliyowekwa mbele ya jeneza.

"Watu wakija hapa," alisema, "wanaitazama hiyo, wanalia. Wanasema, utafikiri anataka kuongea. Mimi nikiitazama naona mwanamke amevaa kitambaa cha bluu. Sauti yake ninayo yote. Usiku huu huu ukiniamsha naweza kukuonyesha alivyokuwa akiniita kwa hasira na alivyokuwa akiniita kwa raha. Ila uso sikuwahi kuwa nao. Zamani sikuona hasara, kwa sababu alikuwa anaongea."

Alinigeukia.

"Wewe unaona. Itoe hapo uniambie alikuwaje."

Niliishusha picha, nikafuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya kitenge changu. Sikuwa nimewahi kufanya jambo hili. Hata uso wa mama yangu sikuwahi kuuweka kwenye maneno.

"Nyusi ya kulia imepanda kuliko ya kushoto," nilisema. "Kama mtu anayetaka kuuliza swali."

"Aliuliza kila siku."

"Pembeni mwa macho kuna mistari mitatu. Ni ya kucheka, si ya uzee. Mdomo ameufunga, lakini pembe moja imeanza kwenda juu. Inaonekana alikuwa karibu kumwambia mpiga picha neno."

"Alimwambia," Mwalimu alisema. "Nilikuwepo. Alimwambia afanye haraka, maharage yanaungua."

Alicheka, na kicheko kikamtoa machozi, hakuyafuta. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akafumba macho kama alivyofanya siku zote alipotaka kusikia vizuri.

"Endelea," alisema. "Usiharakishe. Anzia kwenye paji la uso."